Sindano ya Mtoto wa Jicho

Mwaka 1975 kijaluba cha shaba nyeusi, chembamba na cha mviringo, kilipatikana katika mto Saône karibu na Montbellet, mashariki ya Ufaransa. Ndani mlikuwa na sindano tano za zama za Warumi, zenye umri wa karibu miaka 1,900. Tatu ni shaba tupu kutoka mwanzo hadi ncha. Mbili zina tundu katikati, na ndani ya tundu umepitishwa ufito mwembamba unaoweza kuvutwa na kurudishwa, kazi ambayo hata sonara wa leo angeiinamia kwa muda mrefu kabla ya kuridhika nayo. Mwenye kijaluba alikuwa tabibu wa macho. Sindano hizo alikuwa akiziingiza ndani ya jicho la mtu asiyepewa dawa ya usingizi, ili amwondolee mtoto wa jicho.

Nyuma ya mboni kuna lenzi, kwa umbo kama punje ya dengu, iliyoshikiliwa pande zote na nyuzi nyembamba mno. Uzeeni, au jicho likiumia, lenzi hiyo huanza kuingia ukungu, na ukungu ukizidi mwanga hukosa pa kupita. Matabibu wa kale hawakuwa na njia nzuri ya kuitoa lenzi nzima nje. Walichofanya ni kupitisha sindano ubavuni mwa jicho, kwenye weupe, hadi ncha ifike nyuma ya mboni, kisha wakauegemea ule ukungu kwa juu na kuusukuma taratibu hadi uzame chini, pasipozuia mwanga. Nyuzi hukatika, lenzi hushuka, mboni hurudi kuwa nyeusi, na mtu aliyekuwa akipapasa kuta za nyumba yake huanza kuhesabu vidole vya tabibu aliyeketi mbele yake.

Kazi hiyo ilifanyika India, Roma, Baghdad, Kairo, Cordoba na Ujerumani kwa zaidi ya miaka 1,500. Muda wote huo waliokuwa wakiifanya walikosea kuhusu kile walichokuwa wakikisukuma. Katika historia yote ya tiba hadi zama za Renaissance sioni kazi nyingine ninayoistahi kama hii, na kosa hilo ni sehemu ya sababu.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Galen wa Pergamon, tabibu mkuu wa karne ya 2, alifundisha kwamba lenzi ndiyo inayoona. Mtoto wa jicho, kwa maelezo yake, ni majimaji mazito yanayoganda mbele ya lenzi, kati yake na mboni. Karne ya 9 huko Baghdad, Hunayn ibn Ishaq aliyapanga mafundisho hayo vizuri katika risala zake kumi juu ya jicho, na katika michoro iliyotokana na elimu hiyo lenzi imewekwa katikati kabisa ya jicho, huku mbele yake kukiwa na nafasi pana. Nafasi hiyo haipo. Lenzi imekaa karibu sana na mboni, na ule ukungu ni lenzi yenyewe iliyochafuka. Tabibu aliyeamini mchoro alidhani anasogeza uchafu ulioganda na kuiacha lenzi salama nyuma yake, kumbe alikuwa akikizamisha kile kile alichokiita kiti cha kuona. Lau angeambiwa ukweli, nadhani angeirudisha sindano kijalubani kwa hofu.

Ilikuwaje basi mkono ukafika mahali ambapo elimu haijafika? Jibu limo katika maelezo ya wenyewe, na yanastahili kusomwa polepole.

Celsus, Mrumi wa karne ya 1, aliyaandika yake katika kitabu cha saba cha De Medicina. Mgonjwa anaketi katika chumba chenye mwanga, uso umeuelekea mwanga. Tabibu anakaa mkabala naye kwenye kiti kilicho juu kidogo. Msaidizi anasimama nyuma ya mgonjwa na kumshika kichwa, kwa sababu kutikisika kidogo tu kunatosha kumpofusha mtu moja kwa moja. Jicho la pili, hata kama ni zima, linafunikwa kwa sufu. Sababu ya sufu anaijua yeyote aliyewahi kumtazama mtu machoni: macho huenda pamoja, na moja likivutwa na kitu chumbani, la pili hufuata.

Kisha anataja mikono. Jicho la kushoto litibiwe kwa mkono wa kulia, na la kulia kwa mkono wa kushoto. Sindano huingilia upande wa panja, na kwa watu wawili wanaotazamana hakuna njia nyingine ya kufika huko bila kuvuka pua ya mgonjwa. Maana yake ni kwamba tabibu alilazimika kuufundisha mkono wake dhaifu hadi ulingane na ule wenye nguvu. Wengi wetu hatuwezi kuandika hata jina letu kwa mkono huo. Yeye alitakiwa kupita nao kwenye ngozi ya jicho, asimame ndani yake, ageuze ncha, asukume, kisha atoke kwa njia ile ile aliyoingilia, bila kutetemeka. Mazoezi ya miaka mingapi yalihitajika, na aliyafanya juu ya nini, Celsus hatuambii.

Mahali pa kuchoma ni katikati, baina ya mboni na pembe ya jicho ya upande wa panja, pasipo na mshipa wa damu. Sindano iwe kali kiasi cha kupenya, lakini isiwe nyembamba kupita kiasi. Mkono usisite, anasema, kwa kuwa ncha inaingia mahali patupu. Ikishafika, igeuzwe kuelekea ukungu, izungushwe pole, iushushe kidogo kidogo hadi upite chini ya mboni, na hapo sasa ikandamize kwa nguvu zaidi ili ukungu utulie. Ukitulia, kazi imekwisha. Ukipanda tena, sindano ile ile iukatekate vipande. Baadaye jicho linafunikwa kwa sufu laini iliyochovywa ute wa yai na kufungwa. Chakula huja kesho yake, nacho kiwe cha majimaji kwanza, ili taya zisifanye kazi.

Hizo taya ndizo zinazonionyesha mtu wa aina gani aliyekuwa nyuma ya maelezo haya. Kuna tabibu fulani, jina lake limepotea, aliyemtazama mgonjwa akitafuna siku moja baada ya matibabu, akaona namna misuli ya panja inavyocheza kando ya jicho lililofungwa, akaelewa kwamba ukungu uliozamishwa jana unaweza kuzuka tena leo kwa ajili ya kipande cha mkate. Maarifa kama hayo hayatoki katika nadharia ya majimaji ya mwili. Hupatikana kwa kukaa na mgonjwa baada ya watu wengine kuondoka.

Celsus pia anataka tabibu asubiri. Ukungu ambao bado ni mwepesi usiguswe. Uachwe hadi ukomae. Mtoto wa jicho mdogo asiyechezacheza, mwenye rangi ya maji ya bahari au ya chuma kinachong'aa, na mgonjwa akiwa bado anahisi mwanga kwa pembeni, ana matumaini. Mkubwa, mwenye rangi ya samawati au ya dhahabu, anayetikisika, hana. Jicho lisilohisi mwanga limeharibika mahali pengine, na sindano haitalisaidia. Galen alijaribu kwa njia nyingine: fumba jicho moja, uangalie kama mboni ya lile jingine inatanuka. Kumkataa mgonjwa aliyekuja kwa kuongozwa mkono na mjukuu wake, ukamwambia hapana, kwa huyu siwezi, kwangu ni sehemu ya ufundi sawa na kuchoma kwenyewe.

Wahindi walikuwa na njia yao. Katika Sushruta Samhita, kitabu cha Kisanskriti kilichokusanywa kwa karne nyingi, mgonjwa anaambiwa aitazame pua yake. Ukijaribu mwenyewe mbele ya kioo utaona ubora wa agizo hilo: mboni husogea ndani, na weupe wa upande wa panja hufunguka wote mbele ya tabibu. Chombo chao kilikuwa na urefu wa vidole vinane, kimezungushiwa uzi katikati ili kishikike vizuri. Nao pia walitaka mkono wa kulia kwa jicho la kushoto, na wa kushoto kwa jicho la kulia. Jicho likichomwa barabara, kinasema kitabu, utasikia sauti na tone la maji litatoka. Tabibu hapo anasikiliza kwa masikio, anahisi kwa ncha za vidole, na anaangalia tone, vyote kwa wakati mmoja. Kisha jicho hunyunyiziwa maziwa ya mama anayenyonyesha, ukungu hukwanguliwa, na mgonjwa huambiwa azibe tundu moja la pua na kupenga kwa lile jingine. Jicho hupakwa samli na kufungwa, mgonjwa alale chali, naye kwa siku kadhaa asipige chafya, asikohoe, asiteme mate, asicheue, asitikisike. Anayeshindwa kujizuia chafya ajue anahatarisha macho yake.

Gharama ya kukosea ilijulikana tangu kale. Sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe ambalo leo liko Louvre, Paris, zinampa tabibu shekeli kumi za fedha akiliokoa jicho la bwana kwa kisu cha shaba, na zinaamuru akatwe mkono akiliharibu. Haijulikani kama kisu hicho kilimhusu mtoto wa jicho. Lakini jicho la mtu lilikuwa na bei, na mkono wa tabibu ulikuwa dhamana yake.

Ulimwengu wa Kiislamu ndio uliouinua ufundi huu juu kuliko mahali pengine popote kabla ya zama mpya. Daktari wa macho, al-kahhal, alikuwa na cheo chake, vitabu vyake na wakaguzi wake. Al-Shayzari, aliyeandika huko Sham karne ya 12 mwongozo wa muhtasibu, yaani mkaguzi wa soko na kazi za watu, anamtaka muhtasibu awafanyie mtihani matabibu wa macho kwa risala kumi za Hunayn, ahakikishe wanajua tabaka za jicho, maradhi yake na dawa zake, na kwamba vyombo vyao vimekamilika. Asiyejua asiachwe ashike macho ya watu. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa karne ya 11, Ali ibn Isa wa Baghdad alikuwa amekwisha kuandika Tadhkirat al-Kahhalin, kitabu kilichoyaeleza maradhi ya macho moja baada ya jingine, kikategemewa kwa karne nyingi.

Upande wa magharibi, Cordoba, aliishi al-Zahrawi, mwandishi wa Kitab al-Tasrif chenye sehemu thelathini, ya mwisho ikiwa ya upasuaji na imejaa michoro ya vyombo. Alipofika kwenye mtoto wa jicho alijibu swali ambalo Celsus aliliacha: tabibu atajuaje ameingia kina gani? Al-Zahrawi anampa kipimo kabla hajachoma. Kina cha sindano kilingane na umbali kutoka mboni hadi mwisho wa sehemu nyeusi ya jicho. Ikifika hapo, shaba yenyewe itaonekana kupitia sehemu ang'avu ya mbele. Hapo tabibu haendi tena kwa kuhisi peke yake, ana shahidi wa macho: shaba inang'aa nyuma ya mboni, naye anaiona inapopanda juu ya ukungu na unapoanza kushuka nayo. Mgonjwa alale chali kwenye chumba cha giza, macho yote mawili yamefungwa, asikohoe, asigeuke kushoto wala kulia. Siku ya tatu kitambaa kifunguliwe, uoni ujaribiwe humo humo gizani, kisha yafungwe tena hadi siku ya saba.

Al-Zahrawi anaongeza habari moja aliyoisikia. Aliambiwa kwamba Iraki kuna sindano yenye tundu, inayomfyonza mtoto wa jicho. Yeye hakuwahi kuiona katika nchi yake wala kuisoma katika vitabu vya kale, na anasema hivyo bila kuficha.

Zama hizo hizo alikuwapo aliyekuwa nayo. Ammar ibn Ali alizaliwa Mosul, akasafiri akitibu mji hadi mji, akatua Misri, na kitabu chake juu ya tiba ya macho akamtunukia Khalifa al-Hakim, aliyetawala Kairo kuanzia mwaka 996 hadi 1021. Katika maandishi ya tiba ya zamani sijaona sauti iliyo hai kama yake. Anasimulia visa sita vya mtoto wa jicho alivyovitibu, kimoja kimoja, na kilichotokea. Huko Tiberia alikuja mtu aliyemwambia amfanyie atakavyo, ila jambo moja hawezi: kulala chali. Ammar akamtibu kwa sindano yenye tundu, akaufyonza ukungu, na mtu yule akaona papo hapo. Akalala apendavyo, kwa ubavu wowote, jicho likiwa limefungwa siku saba. Sindano hii, anasema Ammar, hakutanguliwa na mtu, na Misri aliitumia kwa wengi.

Kijaluba cha mto Saône kinaonyesha kwamba alitanguliwa, na tabibu al-Razi kabla yake alikuwa amewataja wa kale waliofyonza kwa bomba. Hilo halimpunguzii Ammar chochote kwangu. Kuna vitu hupotea na kuundwa upya, na aliyekiunda upya ametumia akili ile ile ya yule wa kwanza. Sindano hiyo pia isingeweza kufanya kila kitu, kwa kuwa huvuta ukungu laini tu, na lenzi iliyokwisha kuwa ngumu haipiti katika tundu lake. Kinachonigusa ni kwamba alimsikiliza mgonjwa. Matabibu wote walimwamrisha mtu alale chali kwa siku nyingi bila kusogea, wakilihesabu hilo kuwa zigo la mgonjwa mwenyewe. Ammar alilichukua kama tatizo la fundi.

Karne ya 13, Khalifa ibn Abi al-Mahasin wa Aleppo, ambaye kitabu chake kina michoro ya vyombo vya macho, hakusita kumfanyia kazi hii mtu mwenye jicho moja tu. Wazia utulivu wa mkono huo, na ule wa mgonjwa aliyekubali. Vitabu vya Ammar na Khalifa vilitafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1905 chini ya Julius Hirschberg wa Berlin, aliyekuwa mwenyewe mpasuaji wa macho, na bila shaka aliwaelewa kwa vidole vyake pia.

Sehemu ya upasuaji ya al-Zahrawi ilitafsiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona huko Toledo karne ya 12, ikasomwa Ulaya nzima. Lakini Ulaya wasomi wa vyuo hawakuigusa sindano. Iliachiwa vinyozi na watu wa masokoni, waliotibu mbele ya umati, wakapokea fedha, wakaondoka mjini kabla vitambaa havijafunguliwa. Aliyewakemea vikali kuliko wote ni Georg Bartisch wa Dresden, aliyeanza uanagenzi kwa kinyozi mpasuaji akiwa mtoto wa miaka 13. Mwaka 1583 alichapisha Ophthalmodouleia, kitabu kikubwa cha macho, kwa Kijerumani cha watu wa kawaida, chenye michoro mingi ya kuchongwa kwenye mbao. Baadhi imetengenezwa kwa vipande vya karatasi vinavyofunuliwa kimoja juu ya kingine, ili mwanagenzi afungue jicho tabaka kwa tabaka kabla hajaligusa la mtu. Bartisch aliamini pia kwamba uchawi huleta maradhi ya macho. Mkono wake ulikuwa mbele ya imani yake, kama ilivyokuwa kwa wengi waliomtangulia.

Mwaka huo huo wa 1583, huko Basel, Felix Platter aliandika kwamba kinachoona si lenzi, ni retina iliyo nyuma ya jicho. Lenzi kazi yake ni ya kioo tu. Vesalius, mwanaanatomia mkubwa, miaka 40 kabla, bado aliichora lenzi katikati.

Matokeo yalikuwaje kwa wagonjwa? Tusiyapambe. Sindano haikuchemshwa, na macho mengi yaliingia usaha. Mengine yaliona miezi michache kisha yakapanda shinikizo kwa ndani na kuzimika. Hata aliyefanikiwa alibaki na jicho lisilo na lenzi, linaloona watu, mlango na njia ya kisimani, lakini si kutunga uzi kwenye sindano. Waliokubali kukaa kwenye kile kiti waliyajua hayo, au waliyasikia kwa majirani, na bado walikaa, kwa kuwa kuona njia ya kisimani ni kitu kikubwa kwa asiyeona kabisa.

Jibu la swali la kile kilichokuwa kikisukumwa lilichelewa hadi mwaka 1705, na lilipokuja lilitoka kwenye ufundi wenyewe. Daktari Mfaransa Pierre Brisseau alipata maiti ya askari aliyekuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa. Badala ya kulipasua jicho moja kwa moja, alichukua sindano na kumtibu maiti kama ambavyo angemtibu aliye hai: akachoma kwenye weupe, akaegemea ukungu, akaushusha hadi mboni ikawa safi. Ndipo akalifungua jicho, akatafuta kilichozama. Ilikuwa lenzi. Akawapelekea habari wasomi wa Chuo cha Sayansi cha Paris, nao kwa miaka kadhaa hawakutaka kuamini.